Shangazi, nikiomba kusamehewa ada ya maombi wataniona ombaomba?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 26, naishi Kayole, Nairobi, na nafundisha hisabati katika shule moja ya upili ya kibinafsi. Nilihitimu shahada ya takwimu katika chuo cha umma hapa nchini nikapata daraja la pili ngazi ya juu. Mhadhiri aliyesimamia mradi wangu wa mwaka wa mwisho ananihimiza kila tunapozungumza niombe nafasi ya kuendelea na masomo Marekani, kwa sababu anasema huko wanafunzi wa takwimu hulipiwa karo na kupewa posho ya kujikimu.

Nimechagua vyuo vitano. Nikajumlisha ada za maombi pekee: kimoja dola 75, viwili dola 90 kila kimoja, kimoja dola 110 na kingine dola 125. Ni dola 490, yaani zaidi ya shilingi 63,000. Mshahara wangu ni shilingi 22,000, na humo humo kuna kodi ya nyumba, nauli, na mdogo wangu aliye kidato cha tatu. Deni la HELB, bodi ya mikopo ya wanafunzi, nalo bado nalilipa.

Nilisikia mtu anaweza kuomba asamehewe ada hiyo, nikaandikia ofisi ya masomo ya uzamili (masters) na uzamifu (PhD) ya chuo kimoja. Jibu lilikuja kesho yake, mistari miwili tu: msamaha ni wa raia wa Marekani na wakazi wa kudumu. Nilivunjika moyo. Mjomba wangu, aliyenilipia karo ya sekondari na ambaye namheshimu sana, alipopata habari alinikemea. Anasema ukimwambia Mzungu huna pesa za fomu, atajiuliza utaishi vipi kwao, na faili yako itatupwa kabla haijasomwa. Anataka nikope. Mama, ambaye ni mchuuzi wa mboga, tayari amewaomba wenzake wa chama wamkopeshe. Rafiki yangu naye ananiambia kuna ajenti mjini anayeuza namba za msamaha, shilingi 3,000 kwa kila chuo.

Makataa ya vyuo vyote ni kati ya Desemba 1 na 15. Shangazi, je, kuomba msamaha kutaniharibia nafasi? Niombe kwa nani baada ya kukataliwa? Au nichukue mkopo wa mama yaishe?

Mwalimu wa Takwimu, Kayole

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na mama, kwa sababu pesa zake ndizo zinaweza kutoka wiki hii. Mwambie leo asichukue mkopo wa chama. Sisemi asikusaidie kamwe. Nasema asikope kulipia kitu ambacho hujamaliza kuuliza kama unaweza kukipata bure. Umeuliza mlango mmoja kati ya mitano, tena mlango wenyewe ulikuwa ule mgumu zaidi. Nitakueleza.

Kwanza hofu ya mjomba. Nafahamu inakotoka. Wazee wetu wengi wameona mtu akidharauliwa ofisini kwa sababu ya kukosa mia mbili, na mjomba hataki wewe udharauliwe. Lakini kazi inavyokwenda katika vyuo hivyo ni tofauti. Ada hupokewa na ofisi ya masomo ya uzamili na uzamifu, ile inayosimamia fomu za chuo kizima. Anayeamua kama unafaa ni kamati ya wahadhiri wa idara ya takwimu, na wao husoma matokeo yako, insha yako na barua za waliokufundisha. Vyuo vingi huandika waziwazi kwenye kurasa zao za ada kwamba kuomba msamaha hakuathiri uamuzi wa kukupa nafasi. Nenda kwenye kurasa za vyuo vyako, ukiipata sentensi hiyo mwonyeshe mjomba. Yeye ni mtu wa kuamini maandishi kuliko maneno yangu.

Na hili la utaishi vipi kwao lina jibu. Katika shahada za uzamifu za Marekani, hasa za sayansi na takwimu, idara nyingi humlipia mwanafunzi karo na kumpa posho, naye kwa upande wake hufundisha madarasa ya shahada ya kwanza au hufanya utafiti. Hawatarajii uje na pesa zako. Mtu anayefundisha hisabati shule ya upili ana kitu ambacho idara ya namna hiyo inakitafuta. Hilo liandike kwenye insha yako bila haya.

Ila hapa lazima nikuulize jambo ambalo hukuliandika: kati ya hivyo vyuo vitano, ni vingapi umeomba uzamifu na ni vingapi uzamili? Mhadhiri wako anasema kweli kuhusu posho, lakini ukweli huo ni wa uzamifu. Uzamili wa Marekani kwa kawaida mwanafunzi hujilipia, na kabla hujapewa fomu ya I-20, ile unayoenda nayo kuomba viza, utatakiwa kuonyesha pesa za mwaka mzima wa kwanza. Kusamehewa dola 90 halafu ukabaki na karo ya maelfu ya dola hakukusogezi popote. Idara nyingi za takwimu huko humpokea mtu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza hadi uzamifu. Kwa hiyo pitia orodha yako upya. Chuo cha uzamili kisicho na ufadhili kiondoe, hata kama jina lake linavutia. Pengine vitabaki vitatu, na shida yako itakuwa imepungua hata kabla hujamwandikia mtu.

Sasa milango. Ulipoandika, uliandikia ofisi kuu ya chuo. Ofisi kuu ina kanuni moja kwa watu wote, na katika vyuo vingi kanuni hiyo kweli imewabagua wageni: msamaha ni wa raia, wakazi wa kudumu, wanajeshi wastaafu wa huko, au waliopitia programu fulani za kwao. Hilo halina uhusiano na wewe wala na ufupi wa barua yako. Lakini pembeni ya ofisi kuu kuna idara yenyewe, na baadhi ya idara zina bajeti ndogo ya kuwalipia ada waombaji wanaowataka. Huko kuna mtu anayeitwa mratibu wa masomo ya uzamili na uzamifu. Mara nyingi si profesa. Ni mfanyakazi wa ofisi anayejua kila fomu ilipo, na jina lake na anwani yake ya barua pepe huwa kwenye ukurasa wa idara. Huyo ndiye wa kumwandikia. Hata kile chuo kilichokukatalia, mwandikie mratibu wa idara yake kabla hujakifuta kwenye orodha.

Usimpelekee profesa suala la ada katika barua yako ya kwanza kwake. Barua ya kwanza kwa profesa ni ya utafiti wake na kazi yako. Ukianza na pesa, mazungumzo yenu yataishia kwenye pesa.

Kuna mlango mwingine ambao Wakenya hujikwaa. Vyuo vingine husamehe ada kwa kufuata nchi anakotoka mwombaji, na hutumia orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zaidi, au orodha ya Benki ya Dunia ya nchi za kipato cha chini. Chuo Kikuu cha British Columbia kule Canada, kwa mfano, hufuata hiyo ya Umoja wa Mataifa. Uganda imo, Tanzania imo, Rwanda, Burundi, Ethiopia, Somalia na Sudan Kusini zimo. Kenya haimo. Na kwenye ile ya Benki ya Dunia, hesabu za uchumi wetu zilipofanywa upya mwaka 2014, Kenya ilipanda hadi kundi la kipato cha kati ngazi ya chini. Kwa hiyo rafiki yako wa Kampala anaweza kukuambia alisamehewa bila kuulizwa swali, nawe ukikimbilia fomu ile ile ukagonga ukuta. Inauma, kwa sababu mboga za mama hazikupanda bei eti nchi imepandishwa daraja. Lakini ukijua mapema, hutapoteza wiki ukisubiri msamaha wa nchi. Utaomba msamaha wa uhitaji wako binafsi, ambao ni ombi jingine kabisa.

Halafu vipo vikao vya mtandaoni. Baadhi ya vyuo na idara huwasamehe ada waliohudhuria kikao chao cha kuwaeleza waombaji kuhusu masomo. Unajiandikisha kwa jina lako kamili, unahudhuria hadi mwisho, kisha unatumiwa namba ya kuweka kwenye ukurasa wa malipo. Vikao hivi vingi hufanyika Septemba hadi Novemba. Angalia saa vizuri: kikao cha adhuhuri ya New York hapa kwetu ni saa moja jioni, na wao wakishabadilisha saa zao Novemba kinakuwa saa mbili usiku.

Sasa barua yenyewe. Iandike kwa Kiingereza chako cha kawaida cha kazini, fupi, isizidi nusu ukurasa. Kwenye kichwa cha barua pepe weka maneno ya ombi la kusamehewa ada, jina la programu na namba yako ya maombi ambayo mtandao wao hukupa ukishafungua fomu. Ndani useme hivi:

"Ninaomba nafasi katika shahada ya uzamifu ya takwimu kwa muhula unaoanza Agosti. Nilihitimu takwimu nikapata daraja la pili ngazi ya juu, na sasa nafundisha hisabati katika shule ya upili jijini Nairobi. Mshahara wangu wa mwezi ni takriban dola 170. Ada ya maombi, dola 90, ni zaidi ya nusu ya mshahara huo. Nimeambatisha hati yangu ya mshahara pamoja na taarifa ya mkopo wangu wa HELB, bodi ya serikali ya Kenya inayowakopesha wanafunzi wenye uhitaji. Je, idara ina njia ya kunisamehe ada hii? Ikiwa hamna, naomba kuelekezwa kwa ofisi ninayopaswa kuiandikia. Fomu yangu imekamilika isipokuwa malipo."

Basi. Tazama kilichomo. Kuna tarakimu mbili ambazo msomaji anaweza kuzilinganisha mwenyewe, mshahara na ada, zote kwa dola, kwa sababu mtu wa Ohio hajui 22,000 za kwetu ni kitu gani. Kuna ushahidi. Kuna swali la pili linalomfanya asikujibu "hapana" kisha akanyamaza, maana umemwomba pia njia. Na kuna ile sentensi ya mwisho inayomwonyesha kwamba umefanya kazi yako na kilichobaki ni pesa tu. Masaibu ya nyumbani usiyaweke. Hayana aibu yoyote, ila si yake kuyajua, na hati mbili zimeshasema yote.

Kuhusu hizo hati: taarifa ya mkopo wa HELB unaipata kwenye akaunti yako ya mtandaoni ya bodi hiyo. Ina jina lako, chuo chako na kiasi ulichokopeshwa, na iko kwa Kiingereza. Ni ushahidi mzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu inaonyesha taasisi ya serikali ilikukopesha ili usome. Kama shule yako haitoi hati ya mshahara, mwombe mwalimu mkuu akuandikie barua yenye nembo na mhuri inayotaja kiasi. Kama uliwahi kupata basari ya eneobunge, ile barua ya kukujulisha nayo itie. Barua ya chifu, ambayo hapa nyumbani hutufungulia kila ofisi, kule haieleweki. Ukiwa nayo peke yake, ongeza sentensi moja ya kueleza chifu ni nani katika utawala wetu. Piga picha hati ziwe wazi, au nenda saiba wakuskanie, na uzitume kama faili moja.

Jambo la wakati nalisisitiza kuliko yote. Omba kabla hujalipa na kabla hujabonyeza kutuma. Vyuo karibu vyote havirudishi ada ikishalipwa, hata kama ulistahili kusamehewa. Na maombi ya msamaha hushughulikiwa kwa siku kadhaa za kazi. Vyuo vingine vina siku yao ya mwisho ya kuomba msamaha, ambayo hutangulia makataa ya fomu kwa wiki moja au zaidi. Wengine hawahitaji hata barua: kwenye fomu yenyewe, karibu na ukurasa wa malipo, kuna swali la kama unaomba msamaha na mahali pa kupakia ushahidi. Kwa hiyo jaza fomu zote hadi ukurasa huo wiki hii, uone kila moja inasemaje, kisha ndipo uandike. Usipojibiwa baada ya wiki moja, tuma ukumbusho mmoja wa upole. Mmoja tu. Na kumbuka Wamarekani hufunga ofisi Alhamisi ya nne ya Novemba kwa sikukuu yao ya kushukuru, wengi wakaunganisha na Ijumaa. Mwenye makataa ya Desemba 1 anayeandika wiki hiyo atajibiwa akiwa amechelewa.

Huyo ajenti wa shilingi 3,000, mwepuke kabisa. Namba za msamaha hutolewa na chuo bila malipo, kwa mtu aliyeomba au aliyehudhuria kikao. Anayekuuzia ama hana kitu, ama anakuuzia namba aliyopewa mtu mwingine, na chuo kikigundua, faili lako ndilo litakalofungwa, lake halipo. Kibaya zaidi ni pale anapokuambia umpe nywila ya akaunti yako "akusaidie kujaza." Wapo vijana ambao uraia wao ulibadilishwa kwenye fomu ili msamaha upite. Maelezo ya uongo kwenye fomu ya chuo yanaweza kukunyang'anya nafasi hata ukiwa umeshapokelewa. Ukitaka mtu wa kukuongoza, EducationUSA ya ubalozi wa Marekani, Gigiri, hutoa ushauri bila malipo.

Mitihani hukuitaja, lakini inaweza kula pesa nyingi kuliko ada ya chuo kimoja. GRE, mtihani wa kuombea masomo ya uzamili na uzamifu, ni dola 220, na lile punguzo la nusu bei ambalo watengenezaji wa mtihani hutoa ni la raia na wakazi wa Marekani. Lakini tangu 2020 programu nyingi zimeacha kuudai. Ukikuta chuo kinasema ni hiari, na alama zako za hesabu ni nzuri, mimi ningeuacha. Ukilazimika kuufanya, chagua vyuo vinne vya kutumiwa alama siku ile ile ya mtihani, kwa kuwa hivyo vinne ni bure na vya baadaye hulipiwa. Mtihani wa Kiingereza nao, vyuo vingi hukubali barua ya msajili wa chuo chako inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza. Na usilipie kutuma nakala rasmi za matokeo kwa DHL wakati huu. Wengi huridhika na ulizoskani mwenyewe, rasmi hudaiwa ukishapata nafasi.

Wakikukatalia wote? Basi ulipie kimoja au viwili, vile ambavyo ufadhili wake una uhakika na kuna mhadhiri anayefanya utafiti unaoutaka. Kadi ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay inaweza kulipia, huhitaji kwenda benki. Hapo msaada wa mama hauna ubaya, lakini uwe wa dola 90, usiwe wa 490. Fuliza na mikopo ya simu usiiguse kwa ajili hii. Ukipata nafasi, kuna gharama ambazo mara nyingi hubaki juu yako mwenyewe: dola 350 za SEVIS, mfumo wa serikali ya Marekani wa kusajili wanafunzi wa kigeni, na dola 185 za viza. Hiyo ni karibu shilingi 69,000. Nguvu ya chama ihifadhiwe kwa siku hiyo, maana siku hiyo mama atakuwa anakopea safari, hakopei bahati.

Na usifunge macho kwa nchi nyingine. Ujerumani, vyuo vingi vya umma havitozi karo, na maombi yanayopitia uni-assist, ofisi inayokagua fomu za wageni kwa niaba ya vyuo, ni euro 75 kwa ya kwanza na euro 30 kwa kila nyongeza ya muhula huo huo, kuna na vyuo unavyoomba moja kwa moja bila ada. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza na wa Fulbright wa Marekani hautozi ada ya kuomba. Madirisha yao hufungwa mapema, kwa hiyo mengine huenda yakawa ya mwaka ujao.

Kwa mjomba, usiende kubishana. Nenda na fomu zikiwa zimejazwa, na ule ukurasa wa chuo umeuchapisha. Mwambie, "Mjomba, sijaomba sadaka, nimefuata utaratibu wao," kisha umwonyeshe utaratibu wenyewe ulivyoandikwa. Mtu aliyekulipia karo ana haki ya kuona unakoelekea.

Wakati unasubiri majibu ya ada, wahadhiri wako wasisubiri. Katika mitandao mingi, ukiingiza majina yao kwenye fomu hutumiwa kiungo cha kupakia barua ya mapendekezo papo hapo, kabla hujalipa chochote. Kwingine kiungo hutoka ukishatuma fomu, na hao ndio wa kuwapigia simu mapema. Ingiza majina yao leo.